Tathmini ya Huduma: Bunge la Jimbo la Colorado, Pale Sheria za Washington Zinapobadilika

Nimezoea kuandika tathmini za kampuni za kutuma pesa, maduka ya vyakula vya nyumbani na mawakala wa tiketi za ndege, kwa sababu hizo ndizo huduma ambazo sisi Waswahili wa Denver na Aurora huulizana kila wiki. Safari hii natathmini huduma ambayo kila mkazi wa Colorado huilipia kwa kodi yake, ilhali wengi wetu hatujawahi kuitumia hata mara moja. Ni Bunge la jimbo, na hasa namna linavyofanya kazi pale serikali kuu ya Marekani inapobadili sheria na kuliachia jimbo pengo la fedha pamoja na watu wenye barua mkononi. Nimekuwa nikilifuatilia tangu kikao maalum cha Agosti 2025 mpaka kikao cha kawaida kilichofunguliwa Januari 14, 2026. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike: kwa hesabu na uwazi, huduma hii ni bora kuliko nilivyotarajia, kwa kasi inaridhisha, na kwa wale walioumizwa zaidi na sheria mpya, yaani wakimbizi na waliopewa hifadhi, bado ni duka lenye rafu karibu tupu.

Kilichonifanya nianze kulifuatilia ni bahasha. Mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Uvira, ambaye huniletea karatasi zake nimsomee siku za Jumamosi, alitoa barua iliyokunjwa mara tatu na kufungwa kwenye ncha ya kitenge, akaiweka mezani na kuilainisha kwa kiganja kana kwamba mikunjo ndiyo iliyokuwa tatizo.

"Mwanangu, hii barua inasema nini?"

"Mama, inasema fudistempu yako itaangaliwa upya, kwa sababu sheria ya Washington imebadilika."

"Sasa hawa wa hapa wanangoja nini? Si wairudishe?"

Swali hilo la mwisho ndilo nililolibeba. "Hawa wa hapa" ni wabunge 100 wa jimbo, 65 katika Baraza la Wawakilishi na 35 katika Seneti, wanaokutana chini ya kuba la dhahabu katikati ya Denver, na suala ni kama kweli wanaweza kurudisha kilichoondolewa kule juu.

Sheria iliyozaa barua hiyo ilitiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025. Wakimbizi na waliopewa hifadhi, ambao kwa miaka mingi walistahili fudistempu, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, waliondolewa kwenye orodha ya wanaostahili mpaka watakapopata grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, na kuanzia Oktoba 1, 2026 wataondolewa vilevile kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, ambayo hapa kwetu inaitwa Health First Colorado. Watu wazima walioingia Medicaid kupitia upanuzi ulioanza mwaka 2014 watatakiwa, kuanzia Januari 1, 2027, kuthibitisha saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kila mwezi, isipokuwa walio na sababu inayotambuliwa na sheria, na uhalali wao utakaguliwa kila baada ya miezi 6 badala ya mara moja kwa mwaka. Majimbo yenyewe nayo yalipelekewa bili yao. Gharama za uendeshaji wa fudistempu, ambazo serikali kuu ilikuwa ikilipa nusu, zitabebwa kwa asilimia 75 na upande wa jimbo kuanzia Oktoba 2026, na mwaka mmoja baadaye jimbo lenye kiwango kikubwa cha makosa ya malipo litaanza kuchangia hadi asilimia 15 ya chakula chenyewe. Colorado, ambako kazi hii hufanywa na kaunti 64, kila moja na ofisi zake na foleni zake, kiwango cha makosa kimekuwa karibu asilimia 10, kwa hiyo hatari hiyo haiko mbali.

Je, Bunge la jimbo linaweza kukataa? Hapa inafaa kueleza bidhaa zilizomo dukani kabla ya kulaumu mwuzaji. Katiba ya Marekani inaiweka sheria halali ya serikali kuu juu ya sheria ya jimbo, kwa hiyo hakuna muswada wa Denver unaoweza kufuta sharti la Washington kuhusu nani alipwe kwa fedha za Washington. Lakini Mahakama ya Juu imerudia mara kadhaa, kwa mfano katika kesi ya Printz ya mwaka 1997 na ya Murphy ya mwaka 2018, kwamba serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maofisa au wabunge wa jimbo kutekeleza mipango yake. Kati ya mipaka hiyo miwili mbunge wa jimbo amebakiwa na nafasi ya namna nne hivi: kuziba pengo kwa fedha za jimbo, kubadili maana ya maneno katika sheria za jimbo zilizoegemea za Washington, kukataa kuwatumia watumishi wa jimbo kwa kazi ya serikali kuu, na kujipa muda kwa kuahirisha. Wasomaji wa Kenya wataona tofauti mara moja. Kaunti zao zina ngao ya Katiba ya 2010 inayotaka zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, wakati jimbo la Marekani halina dhamana yoyote ya mgao; Kongresi, yaani Bunge la taifa kule Washington, ikiamua kupunguza, imepunguza.

Colorado ina kufuli la ziada ambalo majimbo mengi hayana. Tangu mwaka 1992 katiba ya jimbo ina kifungu kinachojulikana kama TABOR, ambacho kinaweka ukomo wa mapato ambayo serikali inaweza kubaki nayo, kinataka ziada irudishwe kwa walipa kodi, na kinawanyima wabunge mamlaka ya kupandisha kodi bila kura ya wananchi. Mtu anayetaka kulitathmini Bunge hili kwa haki lazima akumbuke kwamba anampima mpishi ambaye ameshafungiwa stoo, na funguo wanazo wapiga kura.

Sasa nije kwenye kikao maalum chenyewe, kwa sababu ndicho kipimo halisi cha huduma hii. Kodi ya mapato ya Colorado haianzi kuhesabiwa kutoka kwenye mshahara. Inaanzia kwenye tarakimu iliyokwisha kukokotolewa na serikali kuu. Ukifungua fomu ya DR 0104, mstari wa kwanza wa hesabu unataka unakili mapato yako yanayotozwa kodi kutoka kwenye fomu ya Washington, kama yalivyo. Ni mfumo rahisi kwa mlipa kodi, na mimi niliyejaza fomu hizo za majirani kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiusifu. Ubaya wake ulionekana Julai 2025. Kongresi ilipoongeza misamaha na makato kwa kampuni na watu binafsi, tarakimu ya mstari huo ilishuka, na mapato ya Colorado yakashuka nayo papo hapo, bila mbunge hata mmoja wa jimbo kunyoosha mkono. Makadirio yalikuwa kupungua kwa takriban dola bilioni 1.2 katika mwaka wa fedha ambao ulikuwa umeshaanza tarehe 1 Julai na bajeti yake ikiwa imepitishwa. Sehemu ya fedha hizo ingekuwa ziada ya kurudishwa kwa wananchi chini ya TABOR, kwa hiyo pengo lililobaki kuzibwa lilikuwa karibu dola milioni 800. Jimbo haliruhusiwi kumaliza mwaka na bajeti yenye nakisi.

Tarehe 6 Agosti Gavana Jared Polis aliitisha kikao maalum, tarehe 21 wabunge wakaingia, na tarehe 26 wakatoka. Siku 6 zinaweza kuonekana kama haraka ya kuficha jambo, lakini utaratibu wa hapa una breki: muswada lazima usomwe katika siku tofauti kwenye kila baraza, kwa hiyo hata wabunge wote wakikubaliana, hakuna sheria inayopita kabla ya siku 3. Kuna breki nyingine ninayoipenda zaidi. Tangu wananchi walipopitisha marekebisho ya mwaka 1988, kila muswada unaowasilishwa lazima usikilizwe na kamati na kupigiwa kura, hata kama kiongozi wa chama chenye wingi anauchukia. Katika mabunge mengi duniani, muswada wa upande wa wachache hufia kwenye droo. Hapa hufia hadharani, baada ya mwenye nao kuutetea na watu kuja kusema neno. Chama cha Democratic kina viti 43 kati ya 65 katika Baraza la Wawakilishi na 23 kati ya 35 katika Seneti, kwa hiyo matokeo ya kura hayakuwa fumbo, lakini hoja za Warepublican zilisikika zote, na nyingine zilikuwa nzito.

Wabunge walichofanya kwanza ni kufungua baadhi ya fundo zilizofunga kodi ya jimbo na ya serikali kuu. Muswada wa HB25B-1001 uliendeleza sharti kwamba watu wenye mapato makubwa, zaidi ya dola 500,000 kwa mtu mmoja au milioni 1 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, warudishe kwenye hesabu ya jimbo punguzo la mapato ya biashara wanalopewa na Washington. Mwingine, HB25B-1005, uliondoa kiasi kidogo ambacho wenye maduka waliruhusiwa kubaki nacho kama ujira wa kukusanya kodi ya mauzo ya jimbo: asilimia 4, isiyozidi dola 1,000. Wenye maduka wa jamii yetu ambao hawakuwahi kusikia habari ya kikao maalum wamekatwa hapo kuanzia Januari 2026, na ninashuku wengi waliona tofauti bila kujua ilikotoka. Warepublican walisema hatua za namna hii ni kupandisha kodi kwa mlango wa nyuma bila kura ya wananchi. Wademocrat wakajibu kwamba kuondoa msamaha si kuweka kodi mpya. Mimi nadhani wote walikuwa na sehemu ya ukweli, na mwenye duka anayepoteza ujira wake hana faida ya kujua ni neno gani limetumika.

Jambo ambalo wengi wa jamii yetu wanalielewa vibaya ni kodi ya saa za ziada. Sheria ya Washington inaruhusu mfanyakazi kukata hadi dola 12,500 za malipo ya ziada kwenye mapato yake ya kodi kwa miaka 2025 mpaka 2028, na habari hiyo ilisambaa katika makundi yetu ya WhatsApp kwa shangwe, hasa kwa wanaofanya zamu mbili katika nyumba za wazee. Lakini wabunge wa Colorado walikuwa wameshaiwahi. Katika kikao cha kawaida cha 2025, kabla Trump hajatia saini, walipitisha HB25-1296, ambayo kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 inataka makato hayo yarudishwe kwenye hesabu ya jimbo. Mwaka wa kodi wa 2025 unapata nafuu pande zote mbili. Kuanzia 2026 unapata ya Washington tu. Kama mfano wa mbunge wa jimbo kujibu sera ya serikali kuu kabla haijafika, hatua hiyo ni ya kiufundi sana na imefanywa vizuri. Kama mfano wa kumweleza mwananchi, sikuona hata mtu mmoja kati ya niliowajazia fomu aliyekuwa na habari nayo.

Hatua hizo hazikutosha, na hazikukusudiwa kutosha. Baada ya wabunge kutawanyika, Gavana alipunguza matumizi kwa takriban dola milioni 250, akafuta nyongeza ya asilimia 1.6 iliyokuwa imeahidiwa watoa huduma za Medicaid, akasimamisha ajira mpya serikalini mpaka Desemba 31, na sehemu iliyobaki ikachotwa kwenye akiba. Bunge lilikuwa limempa utaratibu wa kufanya hivyo kupitia SB25B-001. Hapa ndipo ninapolipunguzia Bunge alama. Kukata ni kazi chungu, na wabunge walichagua kubaki na kazi ya kutafuta mapato huku kisu wakimwachia mtu mmoja, ingawa katika mgawanyo wa madaraka mkoba wa fedha ni wao.

Halafu kuna muswada wa akili bandia, SB25B-004, ambao uliingia katika kikao hicho cha dharura kama mgeni anayekuja matangani kudai deni lake, ukala saa nyingi, na mwishowe ukaishia kuahirisha sheria iliyokuwepo mpaka Juni 30, 2026. Sitausemea zaidi.

Uzoefu wa mtumiaji, kama tunavyosema katika tathmini, ulinishangaza kwa uzuri. Kila muswada una ukurasa wake kwenye tovuti ya Bunge, wenye maandishi kamili, mabadiliko yote, ratiba ya kamati na sauti ya mijadala. Kitu cha thamani kuliko vyote ni maelezo ya gharama, hati fupi inayoandikwa na watumishi wa Bunge wasiofungamana na chama chochote, ikieleza muswada unafanya nini, utagharimu kiasi gani, na mwaka gani. Nilichapisha ya muswada wa bima ya afya nikaipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na ndani ya robo saa nilikuwa nimeelewa kuliko baada ya wiki nzima ya kusoma magazeti. Tahadhari moja inatokana na uzembe wangu mwenyewe. Herufi B iliyo baada ya 25 katika namba ya muswada ni alama ya kikao maalum. Siku ya kwanza niliandika HB25-1006 bila B, nikatumia nusu saa nikisoma kwa makini muswada mwingine kabisa wa kikao cha kawaida, nikishangaa kwa nini haukutaja mambo niliyoyatafuta.

Nilikwenda pia kwenye jengo lenyewe, na napendekeza kila mtu aende angalau mara moja. Huna haja ya mwaliko. Unapita ukaguzi wa mizigo, unapanda mpaka roshani za wageni, unakaa na kuwatazama wabunge kwa juu, chumba cha Wawakilishi kikiwa na rangi ya kijani na cha Seneti nyekundu. Nje, kwenye ngazi za upande wa magharibi, kuna kipandio kilichochongwa maneno yanayosema hapo ni maili moja juu ya usawa wa bahari. Wapimaji wamekisahihisha kipandio hicho zaidi ya mara moja, na alama zote bado zipo kwenye ngazi zilezile. Watalii hupiga picha na yoyote iliyo karibu.

Turudi kwenye bima, kwa sababu hapo Bunge lilijaribu kumjibu mtu wa kawaida moja kwa moja. Ruzuku iliyoongezwa ya bima ya afya, ambayo Kongresi iliianzisha 2021 na kuirefusha 2022, iliachwa iishe tarehe 31 Desemba 2025. Familia zinazonunua bima kupitia Connect for Health Colorado, soko la bima la jimbo, wakiwamo madereva wa teksi za mtandaoni na wenye saluni ambao hawana mwajiri wa kuwalipia, zilikabiliwa na ada mpya ambazo kwa wengine zilikuwa mara mbili ya za awali. Muswada wa HB25B-1006 ulielekeza takriban dola milioni 100 kwenye kupunguza makali hayo kwa mwaka 2026. Fedha hizo zilitafutwa kwa njia ya ujanja: HB25B-1004 uliruhusu jimbo kuziuzia kampuni hati za punguzo la kodi kwa bei iliyo chini ya thamani yake, kampuni zinalipa sasa, na miaka ijayo zinalipa kodi kidogo zaidi. Kwa lugha ya sokoni, jimbo limeuza mahindi yakiwa bado shambani. Sibezi, mwenye njaa ya Januari hawezi kungoja mavuno ya Agosti. Lakini msaada wenyewe ni wa mwaka mmoja, punguzo litadaiwa miaka ijayo, na fedha zilizopatikana ni kidogo mno mbele ya ruzuku iliyoondoka. Kwa jamaa niliowasaidia kujiandikisha mwishoni mwa mwaka, waliokuwa na mapato ya chini waliona nafuu ya kweli, na waliokuwa juu kidogo ya ukomo wa ruzuku hawakuona chochote.

Na yule Mama wa Uvira? Katika miswada yote iliyopita ndani ya siku zile 6, hakuna uliomrudishia fudistempu mkimbizi aliyeondolewa. Uliokaribia ni SB25B-003, uliobadili swali ambalo tayari lilikuwa limepangwa kupigiwa kura Novemba, ili fedha zitakazozidi mahitaji ya chakula cha bure shuleni ziweze kusaidia fudistempu. Wapiga kura walilikubali tarehe 4 Novemba 2025 kwa jina la Pendekezo MM, na gharama zake zinabebwa na kaya zenye mapato ya dola 300,000 au zaidi, ambazo makato yao ya kodi yamepunguzwa. Ni kazi nzuri: watoto wa shule wote wanakula, pamoja na wajukuu wa Mama huyu, na jimbo limepata chanzo cha fedha bila kuvunja TABOR, kwa kuwauliza wananchi moja kwa moja. Ila fedha hizo zinaimarisha mpango ambao yeye ameshatolewa nje yake. Serikali kuu ilipofungwa kuanzia Oktoba 1 mpaka Novemba 12 na malipo ya fudistempu ya Novemba yakakwama kwa kila mtu, Kamati ya Pamoja ya Bajeti, yenye wabunge 6 tu, iliidhinisha dola milioni 10 kwa benki za chakula. Hapo angalau alinufaika, kwa sababu benki ya chakula haiulizi grini kadi. Alirudi na viazi, maharage ya kopo na siagi ya karanga, ambayo aliniachia kopo moja kwa kuwa, alisema, karanga za kusagwa na sukari si chakula cha mtu mzima.

Kwamba jambo hilo linawezekana si nadharia. California na Washington, hilo jimbo la magharibi, zina programu zao za chakula zinazolipiwa na fedha za jimbo kwa baadhi ya wahamiaji ambao serikali kuu inawakataa, na zimekuwa nazo tangu miaka ya 1990. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini, kwa hiyo pengo la kuzibwa lina mwanzo na mwisho, tofauti na Medicaid ambayo gharama yake haina dari. Ningekuwa mbunge ningeanzia hapo. New Mexico, jirani yetu wa kusini, ilikutana kwa siku 2 tu, Oktoba 1 na 2, 2025, ikapitisha takriban dola milioni 162 kwa chakula, hospitali za vijijini na bima, na kuhakikisha kwamba wanunuzi wa bima hawapotezi ruzuku mwaka 2026. Kulinganisha si haki kabisa, maana New Mexico ina mafuta na akiba nono na haina TABOR. Upande wa pili uko Texas, ambako Bunge hukutana kwa siku 140 kila baada ya miaka 2 na gavana peke yake ndiye anayeweza kuliita nje ya hapo. Hapa kwetu theluthi mbili ya wabunge wa kila baraza wanaweza kujiita wenyewe. Kwa mkazi wa Houston, tathmini kama hii ingekuwa fupi mno.

Bidhaa ambayo Bunge la Colorado linaitoa kwa ubora wa juu ni ile ya kukataa. Haigharimu fedha nyingi, TABOR haiigusi, na mahakama imeshaikubali. SB25-276, iliyotiwa saini Mei 2025, ilipanua vizuizi vya watumishi wa umma kutoa taarifa binafsi za watu kwa maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu na kuwapa ushirikiano ambao hakuna amri ya mahakama inayoutaka. Mipaka yake iko wazi: haiwazuii maofisa wa serikali kuu kufanya kazi yao wenyewe barabarani, na anayemwambia mhamiaji kwamba jimbo hili ni kisiwa anamdanganya. Lakini mzazi anayesita kumwandikisha mtoto shule au kwenda kliniki ana sababu ya maandishi ya kutosita sana.

Kwa anayetaka kujaribu, bei ni bure. Unaweza kutoa ushahidi mbele ya kamati kwa kufika, kwa njia ya mtandao, au kwa maandishi, na muda wa kuzungumza ni dakika chache kwa uamuzi wa mwenyekiti, kwa hiyo andika ukurasa mmoja, taja namba ya muswada katika sentensi ya kwanza, na simulia jambo moja ulilolishuhudia badala ya kuhutubia taifa. Usimwandikie seneta wa Washington ukidhani ni wa hapa; majina ya vyeo yanafanana na watu wetu wengi hukosea hapo. Miswada yote imeandikwa kwa Kiingereza, na kitabu cha maelezo ya kura kinachotumwa majumbani hutoka kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa Kiswahili itabidi tujisaidie wenyewe, na kwa idadi ya watu wanaokizungumza kati ya Barabara ya Colfax na uwanja wa ndege, naona hilo ni ombi halali la kupeleka kwenye kamati, muswada wowote ule utakaofuata.

Saa za kufungua duka ndizo zinazonitia wasiwasi. Kikao cha kawaida hakizidi siku 120, na cha mwaka 2026 mwisho wake ni Mei 13. Wakimbizi wataondolewa Medicaid Oktoba 1, milango ikiwa imefungwa, na sharti la saa 80 litaanza Januari 1, 2027, siku chache kabla wabunge wapya hawajaapishwa. Chochote ambacho Bunge linataka kufanya kwa ajili ya watu hao inabidi lifanye kabla ya kikao hicho kufungwa, au Gavana aliite tena.

Jumamosi iliyopita nilimsomea Mama ushahidi wa maandishi ninaoutayarisha, nikimtafsiria sentensi kwa sentensi, huku amefumba macho kama anayesikiliza redio. Nilipomaliza alisema ni mzuri lakini umesahau jambo. Alitaka niongeze kwamba anafagia ofisi usiku, siku 5 kwa wiki, na kwamba kodi ya Colorado ilianza kukatwa kwenye hundi yake ya kwanza kabisa, kabla hajajua hata basi la kumrudisha nyumbani. Nimeiongeza, na nimeiweka juu.